Gari la Kumpandisha Mama Nyundo

Kamioneti ya Dauda ilipoanza kuvuja mafuta ya injini, Mtaa wa Waswahili wote uligeuka hospitali. Kila aliyepita aliinama, akachungulia chini ya gari, akatikisa kichwa na kutaja ugonjwa. Mshona nguo alisema ni uzee. Muuza chumvi alisema ni jicho la hasidi. Mwenye baiskeli, ambaye tangu azaliwe hajapata kugusa injini, alisema ni gia, tena kwa sauti ya mtu aliyeizaa hiyo gia mwenyewe. Dauda aliwasikiliza wote kwa adabu, akawashukuru wote, akabaki na dimbwi lake jeusi uani.

Siku nyingine angecheka. Juma lile hakuwa na kicheko. Jumapili Jean Bosco alikuwa anapewa upadri kule Nyundo, na Dauda alikuwa amemwahidi mama yake Jean Bosco kwamba atampandisha kwa gari mpaka mlangoni pa kanisa. Aliahidi akiwa amemshika mkono, na ahadi ya namna hiyo hairudishwi.

Mama huyo aliitwa Mukantwari, muuza samaki wa kando ya ziwa, Mkristo wa kusali rozari huku akipaa samaki. Dauda alikuwa Mwislamu, wa ukoo wa wafanyabiashara wa vitambaa. Mtu asiyewajua angeuliza wamekutana wapi. Walikutana kwenye maziwa. Mama mzazi wa Dauda alifariki siku ile ile aliyomzaa, na mtaani hapakuwa na mwanamke aliyekuwa akinyonyesha. Mukantwari akapita, kikapu cha samaki kichwani na Jean Bosco mgongoni, akasikia kitoto kikilia ndani kwa sauti iliyokwisha kukauka. Alitua kikapu. Hakuuliza njaa hiyo ni ya dini gani. Alimpa Jean Bosco titi moja na Dauda titi la pili, akaendelea hivyo mpaka wote wawili wakaota meno na kumuuma. Samaki wa siku ile, inasimuliwa, waliliwa na paka wa mtaa mzima.

Dauda alipokua, mwalimu wa chuo cha Kurani alimweleza kwamba kwa sheria ya dini yao aliyekunyonyesha ni mama yako, mumewe ni baba yako, na wanawe ni ndugu zako kabisa, hata binti zake huwezi kuwaoa. Dauda aliitikia kwa heshima, lakini moyoni alishangaa kwamba jambo kama hilo linahitaji kitabu.

Sasa miguu ya Mukantwari ilikuwa imevimba. Haikumfikisha hata sokoni, seuze mlima wa Nyundo. Vijana wa mitumbwi walijitolea kumbeba kwenye ingobyi, ile machela ya kusukwa inayobebwa mabegani na watu wanne. Aliwakatalia mbele ya watu.

“Mu ingobyi walinibeba siku ya ndoa,” alisema. “Leo wakinibeba tena, watu watasema huyu ni mugonjwa ao ni maiti. Mutoto wangu anakuwa padri, halafu macho yake yanaona mama yake analetwa kama maiti? Oya! Mi ntapanda voiture ya Dauda. Ikishindwa, ntabaki hapa na rozari yangu.”

Na lori la misheni lilikuwa limejaa masista, wanakwaya na magunia ya viazi ya karamu kutoka Bugeshi. Mwanamke wa miguu ile hawezi kukalishwa juu ya magunia. Kwa hiyo mambo yote yalikuwa yamelalia kamioneti ya Dauda, na kamioneti yenyewe ilikuwa inatokwa damu.

Fundi Twagirimana alikuja kutoka upande wa Petite Barrière, kule mpakani, na mkoba wake wa spana. Huyu hakuwa daktari wa mtaani, alikuwa fundi wa kweli. Alilala chini ya gari, akapitisha kidole mahali injini inapopakana na gia, akakitoa kidole kikiwa cheusi.

“Ni joint ya nyuma, ile ya kuzuia mafuta,” alisema. “Tutashusha gia yote. Na hii joint hapa haiko, iko Bukavu. Bateau ya ziwa itaileta juma lingine.”

“Na Jumapili?”

Twagirimana alifuta kidole kwenye nyasi. “Jumapili, ndugu yangu, pole. Ukipanda Nyundo hivi, mafuta itaisha njiani na moteri itakufa kabisa.”

Fundi alipoondoka, Dauda aliingia garini akafunga mlango, akakaa tu. Akilini alimwona Mukantwari amekaa mlangoni pake siku ya Jumapili, kwenye mkeka, kengele za Nyundo zikilia kwa mbali, na kila apitaye akimuuliza mbona hukwenda. Mwanamke yule hakuwahi kumwomba kitu. Miaka yote hiyo hakusema hata kwa utani, mimi nilikunyonyesha, nipe kanga, nipe sukari. Ombi lake lilikuwa hili moja, na hata hili hakuliomba yeye, aliahidiwa. Dauda aliona uchungu mpaka masikio yakamwaka moto. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, akajiona ndiye punda mwenyewe.

Lakini mtu akikaa na uchungu wake vizuri, wakati mwingine akili hurudi. Dauda aliwaza kwamba mafuta hayana adabu ya kukaa yalipotokea. Hushuka, na upepo wa safari huyasukuma nyuma. Kidole cha Twagirimana kilionyesha mahali mafuta yalipofikia, na hapo fundi hakukosea. Je, yalikuwa yametokea wapi?

Akatoka garini, akaiosha injini kwa mafuta ya taa na burashi, juu, ubavuni na chini, mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Kilipokwisha kukauka, alimwita mkewe Saidati, ambaye alikuwa anaanua nguo.

“Mama Mariamu, niletee unga wa muhogo.”

“Gari sasa inakula bugari?” Saidati aliuliza, lakini alileta kopo zima.

Dauda aliunyunyizia unga ule kwenye injini kama mtu anayempaka mtoto poda baada ya kuoga. Injini ikawa nyeupe kila mahali. Penye kuvuja, unga utalowa kwanza, na hapo ndipo pa kushika. Akaiwasha, wakainama wote wawili wakitazama, na Saidati akasahau kabisa nguo zake.

Unga ulilowa nyuma, palepale fundi aliposema. Saidati akaguna. Kisha ukalowa juu, pembezoni mwa kifuniko cha valvu. Kisha pale penye kijiti cha kupimia mafuta. Kisha mbele.

“Ayi we!” alisema Saidati. “Imetoboka pote!”

Na hapo ndipo Dauda alipoanza kupata tumaini, ingawa mkewe alimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa kwa huzuni. Gari halizeeki pote kwa siku moja. Kiungo kimoja huchoka leo, kingine mwakani. Kama yote yanavuja kwa pamoja, basi si viungo vilivyochoka, kuna kitu ndani kinayasukuma mafuta yatoke. Alichomoa kijiti cha kupimia, na pale kijiti kilipotoka ikafuata pumzi ya moto iliyompiga usoni. Akakimbilia kifuniko cha kujazia mafuta. Kile cha asili, chenye matundu, kilianguka zamani kwenye mawe ya Bugeshi, naye alichongewa kingine cha bati kinachokaza sana. Akakizungusha, akakifungua.

Injini ilishusha pumzi. Ilitoa moshi mzito, ikatetemeka kidogo, ikaanza kunguruma kwa raha. Wakasubiri. Tone lililokuwa linaning’inia chini likaanguka, na halikufuatwa na lingine.

“Ilikuwa inakosa hewa,” Dauda alisema polepole. “Saidati, iko kitu kimeiziba pua.”

Injini ile ilikuwa na pua yake, kibomba kinachoshuka ubavuni mpaka chini, ambacho hutoa mvuke na, mara moja moja, kidogo cha mafuta. Dauda alizima gari, akajitupa chini, akakitafuta kwa mkono. Ncha yake ilikuwa imezibwa. Wala haikuzibwa na tope wala vumbi. Ilizibwa kwa ufundi. Nyuzi za mgomba zilikuwa zimesokotwa, zikashindiliwa mpaka ndani, zikapakwa lami na kulainishwa kwa dole gumba, ukingo umekatwa sawasawa hata ukipitisha kiganja husikii kitu.

Dauda aliutambua mkono ule kama mtu anavyotambua sauti ya babaye nje ya mlango. Kando yote ya ziwa, mtu mmoja tu alikalafati hivyo. Ndiye mume wa Mukantwari, mzee Mbonigaba, fundi mitumbwi, aliyekuwa akitembea na kopo la lami kama wengine wanavyotembea na tumbaku. Neno lake la kila siku lilikuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Juma lililopita Dauda alimpelekea mbao ufukweni, akaliacha gari mchangani na kwenda kunywa uji kwa Mukantwari. Mzee bila shaka aliona matone mawili matatu chini ya kibomba, akaona mwanawe anavujiwa, akaamua kumsaidia. Wala hakusema, maana hakuwa mtu wa kutangaza wema wake.

Dauda alicheka peke yake pale chini, akacheka mpaka akamwaga machozi, na katikati ya machozi hakujua tena kama anacheka. Baba yake wa maziwa, na magoti yake yale mabovu, alikuwa amelala mchangani kumzibia ufa.

“Usimwambie mutu,” alimwambia Saidati. “Ntakwenda kwake mwenyewe.”

Maana alikuwa na kazi mbili sasa, na ya kuchokonoa nyuzi zile kwa waya, aliyoimaliza palepale, ilikuwa rahisi kuliko ya pili. Mzee lazima ajue, la sivyo ataziba tena. Lakini habari kama ile ikiwafikia watu wa mitumbwi itaimbwa kwenye makasia mpaka mzee azikwe. Dauda alimkuta ufukweni, kichwa kimeingia ndani ya mtumbwi, akamwamkia na kukaa kwenye mchanga, chini yake.

“Baba, nilikuja kusema asante. Niliona kazi yako mu gari.”

Uso wa mzee ulichanua. “Uliona? Nilisema nisikuambie. Imesimama, si ndiyo? Hata tone?”

“Pale ulipoziba, baba, hata tone.” Dauda alichora mchangani kwa kidole. “Tu, baba, ile tundu ni pua ya moteri. Ndani iko moto sana, donc lazima itoe pumzi. Ikikosa pale, inatafuta pengine.”

Mzee Mbonigaba aliutazama mchoro. Aliangalia mitumbwi yake, akaangalia tena mchoro.

“Inatafuta pengine,” alirudia. “Ndiyo sababu wanasema gari yako imeoza. Ni mimi.”

“Ni wewe ulinipenda, baba.”

“Mi niliiziba pua gari ya mutoto wangu!” Mzee alijipiga paji la uso. “Yoo, Mana yanjye! Mu bwato, mu mutumbwi, tundu ni adui. Maisha yangu yote sijaona tundu yenye iko rafiki.” Kisha sauti ikamshuka. “Na mama yenu? Atakwenda kweli?”

“Nyuma itatulia sasa. Lakini ile nguvu ya ndani imepasua gasketi ya juu, ule utepe wa chini ya kifuniko. Nikiufunga hivi, utamwaga kwenye mlima. Na hapa mpya haiko.”

Mzee aliinuka, akaingia kibandani, akatoka na kipande cha ngozi ya ng’ombe, laini, iliyokwisha kulowekwa mafuta, ambayo alikuwa ameiweka kwa ajili ya viungo vya makasia. “Leta hiyo kifuniko,” alisema. “Na unionyeshe tundu zenye natakiwa kuacha. Zote. Nisikosee tena.”

Wakakaa pamoja mchangani, kifuniko cha valvu katikati yao. Dauda aliweka alama penye kila tundu la bolti, mzee akakata kwa kisu chake cha mtumbwi, na kila alipofika kwenye tundu aliuliza, “Hii inapumua ao inafungwa?” mpaka ikawa utani wa mchana ule wote. Twagirimana alipita, akakuta kazi inaendelea, akasikiliza habari ya pumzi bila ya kuambiwa nani aliyeziba. Alivua koti, akafuatana nao mpaka garini, akashika spana. Alisema anamshukuru Mungu kwamba hawakushusha gia, na yeye ndiye aliyekaza bolti zote, moja huku, ya pili upande wa pili, ili ngozi ikae sawa.

Jumapili Dauda alileta gari mapema. Mukantwari alitoka amevaa umwitero mweupe, ile shuka ya kufungwa begani, bega moja wazi kwa heshima ya siku, akainuliwa na wanawe na mumewe mpaka kiti cha mbele. Kabla mlango haujafungwa aliulizia mafuta, maana mtaa mzima ulikuwa umempasha habari.

“Moteri iko namna gani?”

“Inapumua, mama.”

“Bon. Na mimi nipumue.”

Barabara ya Nyundo inapanda na kuzunguka, inapanda tena, na kila kona Dauda aliitazama mishale ya vipimo mbele yake kuliko alivyotazama migomba. Mzee Mbonigaba alikaa nyuma ameshika ukingo wa gari, shingo imetoka nje, akichungulia barabara waliyoiacha kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Kwenye mwinuko mkali, pale malori huomba toba, kamioneti ilinguruma, ikapunguza mwendo, ikapunguza tena. Mukantwari alishika rozari, naye Dauda akasoma yake kimoyomoyo, na gari likapanda likiombewa kwa dini mbili.

“Hakuna tone!” mzee alipiga kelele kutoka nyuma. “Dauda! Barabara imekauka kabisa!”

Walifika watu wakiwa bado wanaingia kanisani. Mukantwari hakukubali kushikwa pande zote mbili. Alimshika mumewe mkono mmoja tu, akatembea na miguu yake ile, polepole, mgongo umenyooka, na watu wakampisha. Dauda alimtazama mpaka vazi jeupe likamezwa na kivuli cha mlango. Alisema alhamdulillahi kwa sauti, mbele ya kanisa, na mwanakwaya mmoja akageuka kumwangalia.

Hakuingia. Alikuwa na jasho la njia na mikono yake ilikuwa na mafuta ya injini tangu asubuhi. Alifungua boneti, akakagua. Ngozi ya mzee ilikuwa imelowa kidogo tu ukingoni, jasho la kazi basi. Akachukua kitambaa kutoka chini ya kiti, akaanza kufuta hapa na pale, bila haraka, akisikiliza nyimbo zikipanda na kushuka ndani. Misa ilikuwa ndefu. Alishukuru hata kwa urefu wake, maana kila wimbo ulikuwa ni wimbo ambao mama anausikia mwenyewe.

Walipotoka, Jean Bosco alimleta mama yake mpaka garini, watu wakiwafuata nyuma kwa vigelegele. Akiwa amevaa kanzu yake ya upadri, alimkumbatia Dauda kabla Dauda hajaweza kurudi nyuma, na hakujali mafuta. Akamkalisha mama kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, kisha akatoa kitambaa chembamba cheupe cha kitani.

“Mama,” alisema, “Askofu alinipaka mafuta mikono, akaifunga na hiki. Bado kinanukia. Desturi inasema ni cha mama wa padri. Siku Mungu atakuita, tutakuzika nacho mkononi, umuonyeshe kwamba ulimuzalia padri.”

Mukantwari alikipokea kwa mikono miwili. Akakinusa, akafunga macho, na machozi yakateremka mpaka kidevuni bila yeye kuyafuta. Kisha akafungua macho, akamtafuta Dauda, ambaye alikuwa amesogea nyuma ya mlango.

“Na yako iko wapi?”

“Yangu nini, mama?”

“Kitambaa. Ile unaficha mugongoni.”

Dauda alitazama alichoshika. “Hii ni chafu, mama. Ni mafuta ya moteri.”

“Nimekuuliza uchafu?”

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa na haukurudi. Dauda akamtazama Jean Bosco, na padri akamwashiria kwa macho, mpe. Akampa. Mukantwari alikikunja kile kitambaa cheusi kwa uangalifu uleule, akakilaza juu ya cheupe, akavikunja pamoja, na weusi ukaanza kupenya kwenye kitani mbele ya macho ya watu wote. Akavishindilia kifuani, ndani ya umwitero wake.

“Mutanizika na zote mbili,” alisema. “Mulinyonya wote.”

Dauda alizunguka akaenda kufunga boneti.